Kupanga Tovuti ya Darasa: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Sekondari

Jioni moja baada ya vipindi nilimpa simu yangu binti wa Kidato cha Pili nikamwambia, "Nitafutie lile zoezi la rejesta kwenye tovuti yetu." (Rejesta ni mada ya Kiswahili inayohusu lugha inavyobadilika kulingana na mahali na shughuli.) Tovuti hiyo niliianzisha mwenyewe shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, na tangu hapo nilikuwa naijaza kila nilichonacho. Akagusa palipoandikwa "Nyaraka". Ikafunguka orodha ndefu: notisi mpya, notisi mpya 2, zoezi, zoezi la mwisho kabisa, scan0047. Akashuka na kidole hadi chini, akapanda juu, akajaribu "Maelezo", akarudi tena. Mwishowe akanirudishia simu kwa mikono miwili na kusema kwa upole, "Mwalimu, labda utuandikie tu ubaoni."

Zoezi lilikuwepo. Lilikuwa ndani ya scan0047.

Siku hiyo nilielewa kwamba nilikuwa nimepanga vitu kama ninavyovihifadhi mimi, wakati mwanafunzi anavitafuta kwa njia nyingine kabisa. Yaliyomo humu ni utaratibu nilioufuata kuipanga upya. Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa hapa Tanzania, na natumia Google Sites kwa sababu ni bure na haihitaji fundi. Ukitumia WordPress au mfumo mwingine, vitufe vitabadilika lakini mpangilio ni huohuo.

Hatua ya 1: Mjue anayefungua, na anafungua saa ngapi

Katika shule zetu nyingi mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu. Maana yake tovuti yako haifunguliwi darasani. Inafunguliwa nyumbani, jioni, kwa simu ya mama au ya kaka, yenye bando la kuhesabu, na mwenye simu amekaa pembeni anaingoja. Mtoto ana dakika kumi, pengine kumi na tano. Kila uamuzi utakaofanya kuhusu tovuti upime kwa dakika hizo.

Kabla hujagusa kompyuta, chukua karatasi na kwa wiki moja andika kila swali unaloulizwa kuhusu somo nje ya kipindi. Mimi nilijaza kurasa mbili, na nilipoyapanga maswali yale yakajikusanya katika mafungu machache tu. Kuna "Sikuwepo jana, mlifundishwa nini?" Kuna "Zoezi ni lipi, na tunakusanya lini?" Kuna la yule anayejiandaa na mtihani: "Ile mada ya uundaji wa maneno naipata wapi?" Na kuna la mzazi, ambalo huja kwa simu saa mbili usiku: "Mwalimu, huyu mtoto ananiambia hana kazi yoyote wiki hii, ni kweli?"

Tovuti ya darasa ipo kwa ajili ya kujibu maswali hayo. Historia ya shule, picha za mahafali na wasifu wako vinaweza kusubiri. Jiwekee kanuni moja: jibu la swali lolote kati ya hayo lipatikane kwa kugusa mara mbili kuanzia ukurasa wa mbele.

Hatua ya 2: Chukua azimio la kazi, huo ndio mpangilio

Walimu wengi tunaanza tovuti kwa kujiuliza tuweke kurasa gani, kisha tunaishia na "Notisi", "Mazoezi", "Picha", "Video". Huko ni kupanga kwa aina ya faili. Kunamfaa anayehifadhi, kwa sababu anajua kila kitu kilipo. Mwanafunzi anayesoma rejesta hataki "video"; anataka rejesta, yaani maelezo yake, mifano yake na zoezi lake, vyote mahali pamoja.

Habari njema ni kwamba mpangilio tayari unao. Umo kwenye azimio la kazi ulilomkabidhi mwalimu wa taaluma mwanzoni mwa mwaka: mwezi, wiki, mada, mada ndogo. Lifungue uliweke mezani. Kila mada ni ukurasa mmoja, na kila kidato ni kundi moja la kurasa. Wanaofundisha kwa mtaala ulioboreshwa, ulioanza kutekelezwa Januari 2024, wataweka umahiri mahususi pale ambapo wengine tunaweka mada. Lakini kichwa cha ukurasa kiandike kwa neno fupi ambalo mwanafunzi ameliandika kwenye daftari lake, maana sentensi ndefu ya muhtasari wa somo hakuna atakayeitafuta.

Hapa huwa linazuka swali: tupange kwa wiki au kwa mada? Nimejaribu yote mawili. Aliyekosa kipindi anafikiri kwa wiki; anajua hakuwepo Jumanne. Anayejiandaa na upimaji wa Kidato cha Pili au mtihani wa Kidato cha Nne mwishoni mwa mwaka hakumbuki wiki ya 5 ilikuwa ipi. Anafikiri kwa mada. Jibu langu ni kuhifadhi kwa mada na kutangaza kwa wiki. Vitu vyote vinakaa kwenye ukurasa wa mada, mara moja tu. Ukurasa wa mbele unasema wiki hii tuko wapi na kumpeleka huko kwa kiungo. Usiweke faili moja sehemu mbili, kwa sababu siku utakayosahihisha kosa utasahihisha upande mmoja na kusahau mwingine, halafu nusu ya darasa itakuja na jibu la zamani.

Menyu kuu isizidi vitu vitano. Yangu ina Wiki Hii, Kidato cha Kwanza, Kidato cha Pili, Marejeo, na Kwa Wazazi. Kumbuka pia kwamba kwenye simu menyu hujificha nyuma ya vile vistari vitatu vya pembeni, na wapo wanaotumia tovuti muhula mzima bila kuvigusa. Kwa hiyo viungo hivyo vitano viweke pia kama vitufe vikubwa katikati ya ukurasa wa mbele.

Hatua ya 3: Panga folda kabla ya tovuti

Mafaili yako yote yakae kwenye Google Drive, katika folda zilizopangwa sawasawa na tovuti: folda ya mwaka, ndani yake kidato, ndani yake mada. Akaunti ya bure inakupa GB 15, ambazo ni nyingi kwa maandishi. Zingatia tu kwamba nafasi hiyo unaigawana na barua pepe na picha zako, ndiyo maana ni vizuri kufungua akaunti ya somo peke yake.

Kisha majina. Jina zuri la faili linajieleza hata likikutwa peke yake kwenye simu ya mtu. Mimi naandika hivi:

K2_03_rejesta_maelezo.pdf
K2_03_rejesta_zoezi1.pdf
K2_03_rejesta_zoezi1_majibu.pdf

K2 ni kidato, 03 ni nafasi ya mada katika azimio, kisha mada yenyewe, kisha aina ya faili. Hiyo sifuri mbele ya 3 usiidharau. Bila sifuri, baadhi ya mifumo itaiweka 10 mbele ya 2 na mpangilio wote utavurugika. Maneno kama "mpya" na "ya mwisho" yapige marufuku, maana wiki ijayo kitakuja kipya zaidi.

Ukigundua kosa kwenye PDF ambayo tayari umeiweka, usiifute na kupakia nyingine, kwa sababu kiungo kitakufa. Kwenye Drive kuna sehemu ya kudhibiti matoleo ya faili. Pakia toleo jipya hapo hapo, na kiungo kitabaki kilekile, hata kwa mzazi aliyekihifadhi tangu Februari.

Hatua ya 4: Ukurasa wa mada

Hapa ndipo pa kutumia muda wako mwingi, kwa sababu ukishaupata vizuri ukurasa mmoja, iliyobaki unanakili umbo tu. Kurasa zote za mada zifanane, kitu kilekile kikae mahali palepale, ili mwanafunzi aliyezoea mmoja awe amezoea yote. Huu ndio ukurasa wangu wa rejesta, kutoka juu kwenda chini.

Juu kabisa kuna kichwa na mahali ulipo: *Kidato cha Pili. Mada ya 3: Rejesta. Wiki ya 5 na ya 6.*

Chini yake sentensi moja ya lengo, kwa maneno ya mwanafunzi: *Ukimaliza mada hii utaweza kueleza kwa nini mhudumu wa mgahawani huuliza "Nani ugali nyama?" na mteja akajibu "Mimi hapa!" bila kukasirika.*

Yanafuata maelezo yenyewe, aya tatu au nne, yakiwa yameandikwa moja kwa moja kwenye ukurasa. Hili nalisisitiza sana. Maandishi ya kwenye ukurasa ni mepesi, yanafunguka hata mtandao ukiwa wa kusuasua, na yanajipanga yenyewe kulingana na upana wa kioo. PDF ya kurasa sita kwenye simu ndogo ni mateso: mtoto anavuta kushoto, anavuta kulia, mstari unampotea. Kwa hiyo kiini cha somo kiwe kwenye ukurasa, na PDF iwepo kwa anayetaka kuchapisha au kutunza.

Baada ya maelezo ninaweka mifano: mazungumzo mafupi ya sokoni, mahakamani na hospitalini, kila moja likiwa na mistari minne au mitano. Google Sites inakuruhusu kuyaweka maandishi katika fungu linalokunjwa, ambapo kinaonekana kichwa tu mpaka msomaji akiguse. Ninayakunja mazungumzo hayo ili ukurasa usiwe mrefu kupita kiasi.

Kisha zoezi, na tarehe yake ya kukusanya imeandikwa kwa siku na tarehe kamili: *Ijumaa, tarehe 14*. "Wiki ijayo" haifai, kwa sababu aliyefungua Jumapili haelewi wiki ijayo ni ipi.

Kiungo chenyewe kiseme kinapeleka wapi na kinakula kiasi gani. Badala ya "Bofya hapa", andika "Pakua zoezi la 1 la rejesta, PDF ya KB 180". Mtoto mwenye MB 50 zilizobaki kwenye simu ya mama ataamua mwenyewe, na mama akiuliza ana jibu.

Majibu yanakaa mwisho, nami siyaweki mpaka madaftari yakusanywe. Naandika mapema kwenye ukurasa kwamba majibu yatawekwa Jumamosi, na Jumamosi nayaweka. Ukikosa mara mbili, wataacha kurudi.

Hatua ya 5: Punguza uzito

Picha ya ubao iliyopigwa kwa simu inaweza kufika MB 3 au 4. Picha hiyohiyo ikipunguzwa inasomeka vizuri ikiwa chini ya KB 300. Njia rahisi ni kujitumia kwanza kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kisha kuihifadhi ile iliyofika, kwa kuwa WhatsApp huipunguza yenyewe. Hakikisha tu maandishi ya ubaoni bado yanasomeka.

Video iweke pale tu ambapo kuona kunahitajika. Mwalimu wa Fizikia anayeonyesha jaribio la maabara anaihitaji. Mimi ninayetaka wanafunzi wasikie lafudhi na mkazo wa usimulizi sihitaji uso wangu, narekodi sauti. Dakika tano za sauti kwa ubora wa chini, kilobiti 32 kwa sekunde, ni kama MB 1.2 tu, na zinatosha kabisa kwa maneno ya kuzungumza.

Hatua ya 6: Ukurasa wa mbele ni "Wiki Hii", basi

Hakuna haja ya maneno marefu ya kukaribisha wala picha kubwa ya jengo la shule inayojaza kioo kizima. Anachokutana nacho mtu kiwe hiki:

*Wiki ya 5, Jumatatu tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 14*
*Kidato cha Kwanza: Aina za maneno, vitenzi. Zoezi la 2, kukusanya Alhamisi.*
*Kidato cha Pili: Rejesta. Zoezi la 1, kukusanya Ijumaa.*
*Ukurasa umesasishwa Jumapili tarehe 9.*

Mstari wa mwisho una kazi kubwa. Mzazi akiuona anajua tovuti iko hai. Tovuti ambayo tangazo lake la juu ni la muhula uliopita haiaminiki hata pale iliposema kweli. Jichagulie siku moja ya kubadilisha ukurasa huu. Mimi ni Jumapili jioni, dakika kumi na tano, pamoja na maandalio ya somo.

Hatua ya 7: Marejeo, bila kuiba

Ukurasa wa Marejeo uwe mfupi na wenye viungo vilivyochaguliwa. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya vitabu vya kiada mtandaoni. Peleka wanafunzi huko. Kuskani kitabu kizima cha mwandishi na kukipakia kwenye tovuti yako ni kumnyang'anya haki yake, na shida ya wanafunzi wetu kukosa vitabu haibadilishi hilo. Baraza la Mitihani nalo huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani na taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Hizi taarifa za uchambuzi walimu wengi hatuzitumii ipasavyo. Zinaonyesha watahiniwa walikosea wapi na kwa nini, pamoja na sampuli za majibu mazuri na mabaya. Usiishie kuweka kiungo. Ongeza mstari mmoja wa kumwambia mwanafunzi aangalie nini ndani yake.

Hatua ya 8: Linda watoto

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na wenzetu Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Lakini hata kama sheria zisingekuwepo, mambo haya ningeyashika. Matokeo ya majaribio hayawekwi kwenye tovuti iliyo wazi. Majina kamili ya wanafunzi hayawekwi. Picha za sura zao haziwekwi bila ridhaa ya mzazi kwa maandishi na mkuu wa shule kujua. Insha nzuri ya mwanafunzi unaweza kuiweka kwa idhini yake na ya mzazi, ukiandika tu "mwanafunzi wa Kidato cha Pili". Namba za simu za wazazi zibaki kwenye daftari lako. Wakati wa kuchapisha, Google Sites inakupa chaguo la kuomba injini za utafutaji zisiionyeshe tovuti. Liweke. Wanaohitaji kuifikia unawapa anwani mwenyewe.

Hatua ya 9: Ijaribu kama mgeni

Kosa linalosumbua kuliko yote ni la ruhusa. Kwako kila kitu kinafunguka, kwa sababu umeingia kwa akaunti yako. Mwanafunzi akigusa anaambiwa aombe ruhusa, anafunga, na hakwambii. Ruhusa ya tovuti na ruhusa ya faili lililoko Drive ni vitu viwili tofauti. Folda kuu ya wanafunzi iweke iweze kuonwa na yeyote mwenye kiungo, na majibu ambayo hujayatoa yakae kwenye folda nyingine.

Kisha fungua tovuti kwenye simu kwa hali fiche (incognito), ambayo haitumii akaunti yako, ukiwa umezima Wi-Fi na kutumia bando lako mwenyewe. Gusa kila kiungo. Baada ya hapo mpe mwanafunzi simu na umtajie kitu cha kutafuta, kama nilivyofanya mimi, ila safari hii kaa kimya. Usimwelekeze. Tazama kidole chake kinasita wapi, uandike.

Hatua ya 10: Wafikishie anwani

Mara ya kwanza unapochapisha, unachagua sehemu ya mwisho ya anwani. Iwe fupi, ya herufi ndogo, na iwe kitu ambacho mtoto anaweza kunakili kutoka ubaoni bila kukosea. Ukiibadilisha baadaye, anwani ya zamani iliyoko kwenye madaftari haitawafikisha, kwa hiyo fikiri vizuri mapema. Ibandike kwenye ubao wa matangazo, na waiandike ndani ya jalada la daftari.

Kundi la WhatsApp la wazazi lisigeuke ghala la mafaili. Humo kila kitu huzama chini ya salamu na pole, na wengi hufuta vitu simu ikijaa. Tuma kiungo tu, na ukibandike juu ya kundi. Kinaweza kukaa hapo siku 30, kisha ukibandike tena.

Na wapo wasio na simu kabisa nyumbani. Kwa kuwa folda zako zimepangwa sawa na tovuti, unaweza kunakili folda ya kidato kwenye flashi na kuiweka kwenye kompyuta ya shule, au kuchapisha nakala mbili za maelezo zikakaa maktaba. Wanafunzi hawa waingize kwenye hesabu tangu mwanzo. Tarehe ya kukusanya zoezi isipangwe kana kwamba wote wameiona tovuti Jumapili usiku.

Hatua ya 11: Desemba, na siku ya uhamisho

Mwaka ukiisha usifute. Nakili tovuti nzima, nakala ya zamani uipe jina la mwaka wake na uiondoe kwenye macho ya umma, kisha kwenye ile inayoendelea badilisha tarehe, ondoa mazoezi yaliyochoka, na ulinganishe kurasa na azimio jipya. Mada zilizohama kidato zihamishe pamoja na folda zake. Mimi kazi hii hunichukua siku mbili za likizo.

Mwisho, mwongeze mwalimu mwenzako wa somo awe na haki ya kuhariri, tovuti na folda zote mbili. Barua ya uhamisho haitoi taarifa ya mwezi mzima. Siku utakapoipata, wale watoto wa Kidato cha Pili watakuwa katikati ya mada, na Jumapili jioni lazima awepo mtu wa kubadilisha ukurasa wa Wiki Hii.